Aliyezungusha Hendeli

"Dereva na taniboi wake." Ukisikiliza taarifa za redio hapa Kenya utayasikia maneno hayo yakitembea pamoja kama chai na maziwa. Lori limepinduka, lori limekwama kwa matope, lori limeshikwa na mzigo usio na karatasi: dereva na taniboi wake. Dereva tunamwelewa, kazi yake iko ndani ya jina lake. Lakini taniboi? Mtazame leo kwenye lori la ndizi linalotoka Meru, ama lile la mchanga linaloingia Embu kutoka Mbeere. Anapakia. Anafunga turubai. Anaruka chini kuuliza njia. Analala juu ya mzigo. Hakuna mahali anazungusha kitu, na bado jina lake linasema anazungusha.

Jina lenyewe ni la Kiingereza, limevikwa tu irabu za Kiswahili: "turn", yaani zungusha, na "boy", yaani kijana. Hapa kwetu wengi hulitamka "tanboi". Tanzania wanamwita utingo. Maelezo yanayokubalika kuhusu asili yake ni mafupi. Kuna wakati lori halikuwashwa kwa ufunguo. Mtu alisimama mbele yake, akachomeka chuma kilichopindwa mara mbili kwenye tundu lililokuwa chini ya radieta, akazungusha kwa nguvu zake zote mpaka injini ikashika. Chuma kile ndicho hendeli. Mtu yule ndiye taniboi.

Kwa hivyo taniboi alianza kama sehemu ya gari. Alikuwa stata yenye miguu. Stata ya chuma ilipokuja kumpokonya kazi yake, mtu alibaki na jina likabaki, ila ile kazi iliyozaa jina ikasahaulika. Nataka tuirudie, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo barabara za Embu na Meru zimekuwa zikiliuliza kwa karibu miaka mia moja: gari likikataa kuwaka, nani anashuka?

Injini haina mtaji

Injini ya petroli ina aibu moja ambayo wenye magari wengi hawajawahi kuifikiria. Haiwezi kuanza yenyewe. Ng'ombe wa kulima ukimwambia twende, anaenda. Mota ya umeme ukiiwekea swichi inazunguka. Hata injini ya mvuke, maji yakishachemka na vali ikafunguliwa, inasukuma. Injini ya petroli, wapi!

Sababu ni jinsi inavyopata nguvu. Kwanza pistoni inashuka na kuvuta hewa na petroli ndani ya silinda. Pili inapanda na kuukandamiza mchanganyiko huo. Tatu, plagi inatoa cheche, mchanganyiko unalipuka na kuisukuma pistoni chini. Nne, pistoni inapanda tena na kuutoa moshi. Hatua nne, na faida inapatikana kwenye hatua moja tu, ya tatu. Hizo nyingine ni gharama. Injini ikiwa tayari inazunguka, inalipia gharama hizo kwa nguvu ya mlipuko uliotangulia, iliyowekwa akiba kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini. Ikiwa imelala, hakuna mlipuko uliotangulia. Ni kama kibanda ambacho hakiwezi kufunguliwa leo bila faida ya jana. Lazima mtu wa nje atoe mtaji.

Mtaji wa kwanza ulikuwa mkono wa binadamu.

Ukitaka kuuona bado ukifanya kazi, tafuta kisiagi cha zamani chenye injini ya dizeli ya Lister. Dizeli haina plagi ya cheche. Inategemea kukandamiza hewa mara kumi na sita au zaidi mpaka iwe moto wa kuwasha mafuta yenyewe. Hakuna mkono unaoweza kushinda mkandamizo huo moja kwa moja. Kwa hivyo mwenye kisiagi hufanya ujanja: anainua kishikio kidogo kinachoacha vali wazi, ili silinda isikandamize kitu. Kisha anazungusha hendeli, polepole, halafu kwa kasi, mpaka flaiwili ipate mbio. Hapo anaangusha kile kishikio. Dum. Kimya. Dum. Dum-dum-dum-dum. Watoto wenye ndoo za mahindi wanaanza kupanga laini. Sayansi yote iko hapo mbele yao: mtu amekopesha injini sekunde chache za nguvu zake, na injini itasaga magunia mpaka jioni.

Kwenye gari la petroli hapakuwa na hatari ya kushindwa tu. Palikuwa na hatari ya kupigwa. Magari ya zamani yalikuwa na kijiti cha kurekebisha wakati wa cheche. Kijiti kikiachwa vibaya, cheche ilitoka mapema, kabla pistoni haijafika juu. Mlipuko uliirudisha pistoni nyuma, injini ikazunguka kinyume, na hendeli ikarudi kwa nguvu ya mlipuko mzima kwenye mkono uliokuwa umeishika. Injini ilipiga teke. Ndiyo sababu kulikuwa na mafunzo ya kushika hendeli: usiizungushe kidole gumba, kiweke upande mmoja na vidole vingine ili mkono ufunguke haraka, vuta kuja juu, usisukume kwenda chini.

Wasiofuata mafunzo, na wengine waliofuata, walivunjika mkono karibu na kifundo, upande wa kidole gumba. Ilitokea mara nyingi kiasi kwamba madaktari waliupa mvunjiko huo jina. Mpaka leo vitabu vya mifupa vinauita mvunjiko wa chauffeur.

Neno hilo lishike, tutalihitaji. Chauffeur ni Kifaransa, na mwanzoni halikumaanisha dereva. Lilimaanisha mchochea moto, mtu wa kuipasha joto injini ya mvuke ili iweze kuondoka. Kwa hivyo chauffeur na taniboi ni ndugu: wote wawili walipewa majina kwa kazi ya kuwasha. Mmoja akapanda cheo, akavaa suti na kofia, akakaa nyuma ya usukani. Mwingine akabaki nje.

Mtu wa mashine za hela

Aliyeitoa hendeli mkononi mwa watu ni Mmarekani aliyeitwa Charles Kettering, mzaliwa wa Ohio. Kabla ya magari alifanya kazi katika kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, iliyotengeneza zile mashine za dukani za kuwekea hela. Droo ilifunguliwa kwa kuzungusha mkono. Kettering aliitengenezea mota ndogo ya umeme. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo wahandisi wengine walikuwa wakilipita tu.

Wenzake walihesabu hivi: mota yenye nguvu ya kuzungusha injini ya gari lazima iwe kubwa, na betri yake kubwa zaidi, mpaka gari libebe stata badala ya watu. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mota inayofanya kazi mchana kutwa. Lakini droo ya duka hufunguliwa sekunde moja na kufungwa. Mota ya kazi fupi inaweza kulazimishwa kutoa nguvu nyingi kuliko uwezo wake wa kawaida, mradi ipumzishwe kabla haijaungua. Stata haihitaji ukakamavu. Inahitaji ghadhabu ya sekunde tatu.

Henry Leland, mkuu wa Cadillac, aliitaka kazi hiyo haraka. Kuna hadithi inayopendwa sana kuhusu sababu yake: kwamba rafiki yake Byron Carter, mtengeneza magari, alipigwa na hendeli akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezima, akavunjika taya na baadaye akafa. Carter alikufa mwaka 1908, na wanahistoria wanatilia shaka mengi katika simulizi hiyo. Lililo wazi ni kwamba Kettering na wenzake wa kampuni ya Delco walifunga stata ya umeme kwenye Cadillac mwaka 1911, na magari ya toleo la 1912 yakatoka nayo kiwandani. Ford akaiweka kwenye Model T kuanzia 1919.

Iwe ya kweli ama ya kupambwa, angalia hadithi ya Carter imefanya nini. Mkono wa hendeli ulipompata tajiri mmoja Marekani, jina lake liliingia kwenye historia ya magari. Sasa turudi huku mlimani tuone waliofuata.

Reli iliishia Nanyuki

Waingereza waliivamia Embu mwaka 1906, wakiwa na askari wa miguu. Meru ikafuata muda mfupi baadaye. Wakajenga vituo vya utawala, wakaleta kodi ya kibanda, lakini treni hawakuleta. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikapita Sagana, ikapanda Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafika Nanyuki. Hapo ikakoma. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru mpaka Maua, haujawahi kusikia honi ya treni.

Wakati uleule ambapo reli iliishia Nanyuki, serikali ya kikoloni ilianza kuwaruhusu Waafrika wachache kupanda kahawa, jambo ambalo masetla walikuwa wamelipinga kwa nguvu. Maeneo ya majaribio yalikuwa Kisii, Embu na Meru. Sasa hebu fikiria: kahawa imeruhusiwa kwenye miteremko ya mlima, na reli iko upande wa pili wa mlima. Katikati kuna nini? Kuna lori. Mzigo wa Embu ulishuka kuelekea Sagana na Thika. Mzigo wa Meru ulipanda Timau kwenda Nanyuki, mahali ambapo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi.

Na baridi ni adui wa kuwasha gari. Oili inakuwa nzito kama asali. Petroli haigeuki mvuke kwa urahisi. Betri, ambayo umeme wake unatokana na kemikali za risasi na asidi, inalegea, kwa sababu kemikali zenyewe zinafanya kazi polepole. Stata inahitaji nguvu nyingi zaidi wakati betri ina nguvu chache zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa Uingereza hawakuiamini stata peke yake. Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948, miaka thelathini na sita baada ya Cadillac ya Kettering, bado ilikuja na tundu la hendeli mbele. Bedford vilevile. Huku ambako betri mpya ilikuwa safari ya Nairobi, hendeli haikuwa pambo la dharura. Ilikuwa kifaa cha kazi, na kifaa kinahitaji mtu.

Mtu huyo aliitwa "boy". Tusilipite neno hilo haraka. Kulikuwa na boi wa nyumba, boi wa shamba, boi wa ofisi, na boi wa kuzungusha. Kuanzia karibu mwaka 1920, mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kutembea na kipande, karatasi ndani ya kibati, ikionyesha alama zake za vidole na mwajiri wake. Angeweza kuwa ametahiriwa, ana mke, ana watoto, anaketi kwenye baraza la rika lake kijijini. Akifika mbele ya lori, ni kijana. Katika Meru na Embu, jamii ambazo zimepanga maisha yote ya mwanamume kwa ngazi za rika, kumwita mtu mzima kijana si jambo la kuchezea. Ni kumrudisha kabla ya jando.

Na sasa lile neno nililosema tulishike. Mvunjiko wa mkono unaoitwa wa chauffeur ulipewa jina Ulaya, mahali ambapo dereva wa tajiri alishuka mwenyewe kuzungusha. Huku kwetu kazi iligawanywa. Dereva alikaa ndani, mguu kwenye kanyagio, mkono kwenye kijiti cha cheche. Taniboi alisimama nje, kifua mkabala na radieta. Aliyeweza kukosea kurekebisha cheche hakuwa yule ambaye angevunjika. Kama madaktari wangeandika vitabu vyao wakiwa Timau, mvunjiko ule ungeitwa wa taniboi.

Sauti tatu za stata

Niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, kwa hivyo mengi ninayojua kuhusu stata nimeyapata kwa mafundi wa jua kali, na mafundi hufundisha kwa masikio. Fundi mzuri hafungui boneti kwanza. Anakuambia, "Piga stata nisikie."

Ukizungusha ufunguo, umeme mdogo unakwenda kwenye solenoidi, kile kimkebe kilichopanda mgongoni mwa stata. Ndani mna waya uliozungushwa mara nyingi. Ukipata umeme unakuwa sumaku na kuvuta chuma. Chuma hicho kinafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Upande mmoja kinasukuma gia ndogo ya stata ikaumane na meno ya flaiwili. Upande wa pili kinaunganisha vituo viwili vinene vya shaba, na sasa umeme mkubwa unamwagika kutoka kwa betri: ampea 150, hata zaidi. Huo ni umeme wa pasi kubwa ukipita kwenye mota inayotoshea mkononi. Gia ndogo ina meno kama kumi, flaiwili ina zaidi ya mia, kwa hivyo stata inazunguka mara nyingi ili injini izunguke mara moja, na nguvu inaongezeka kwa kadiri hiyo. Injini ikifika mizunguko kama 200 kwa dakika, inashika. Mkopo umetolewa. Altaneta itaulipa gari likiwa njiani.

Ukisikia tik-tik-tik-tik ya haraka, hiyo ni betri imelala. Ina nguvu ya kuvuta solenoidi, lakini umeme mkubwa ukidaiwa inazimia. Sumaku inaachia, betri inapata pumzi, inavuta tena. Ukisikia tik moja nzito halafu kimya, shida iko kwenye stata yenyewe: vituo vya shaba vimeungua, ama brashi za kaboni zimekwisha. Hapo ndipo utamwona fundi akiingia chini na spana na kuigonga stata mara mbili, tatu, huku akipiga kelele, "Washa!" Si uchawi. Mtikiso unaisukuma brashi iliyochoka iguse tena, mara moja ama mbili, ya kukufikisha nyumbani.

Ukisikia stata inalia wiiii lakini injini haina habari, fundi atakwambia bendiksi imeisha. Bendiksi ni ile sehemu inayobeba gia ndogo, na hapa kuna jina la mtu lililojificha. Vincent Bendix alikuwa Mmarekani aliyebuni njia ya gia ya stata kujisogeza yenyewe ikaume flaiwili, kisha ikajiondoa injini ikishawaka. Bila hiyo, injini iliyowaka ingeizungusha stata kwa kasi ya kuipasua. Stata za leo hazitumii mtindo wake uleule, lakini kila kijana wa gereji kutoka Embu hadi Maua hulitaja jina lake, bila kujua kwamba anamtaja mtu.

Mvumbuzi amebaki kwenye chuma kwa jina lake. Mzungushaji amebaki kwenye lugha bila jina.

Mteremko

Barabara ya Embu hadi Meru inapita pembeni mwa mlima, na mlima unamwaga mito. Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, mpaka ufikie Kathita: barabara inashuka bondeni, inavuka daraja, inapanda, inashuka tena. Gari lenye stata iliyokufa linaweza kuishi kwa mwaka mzima katika nchi ya namna hii, kwa sababu kila mahali kuna pa kuliegesha likiangalia chini.

Mbinu ni rahisi. Swichi imewashwa, gia ya pili, mguu kwenye klachi. Gari linaachiwa lijiviringe. Likipata mwendo, klachi inaachiliwa ghafla. Kwa kawaida injini huzungusha magurudumu. Sasa magurudumu yanaizungusha injini. Gurudumu limekuwa hendeli, na mvuto wa dunia umekuwa taniboi. Pakiwa tambarare, watu wanashuka. Baada ya Rais Kenyatta kuziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za mabasi mwaka 1973, barabara zilijaa magari makuukuu, na makanga akarithi kazi ya kusukuma pamoja na abiria wake waliolipa nauli. Mama mwenye kuku na mwalimu mwenye tai, wote mabega kwenye bati. Aliyebaki ndani ni dereva, na pengine mgonjwa.

Wengine hugeuza ujanja huo na kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Hapo mlima hutoza deni lake. Injini ikizimwa, nguvu inayosaidia breki inakwisha baada ya kukanyaga mara chache, na usukani wenye msaada unakuwa mzito kama jiwe. Watu wa Chuka na Chogoria hawahitaji kuambiwa maana ya gari kukosa breki kuelekea daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na zaidi ya watu 30 wakafa.

Wanaobeba miraa wana jibu lao kuhusu stata: hawataki kuitegemea kabisa. Miraa ya Igembe na Tigania ikikaa siku mbili haina bei. Utaiona pikapu ya Hilux ikipakiwa magunia Maua injini ikinguruma, haizimwi. Mafuta yanayoungua bure ni bima, ni rahisi kuliko mzigo uliochelewa ndege.

Betri ilipohamia sebuleni

Mwezi Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa duniani ikaruka. Mwaka 1976 na 1977 pesa ziliingia kwenye maboma ya Meru na Embu kwa namna ambayo wazee bado wanaikumbuka. Mabati, masomo, redio kubwa, na kwa waliojiweza, televisheni. Umeme ndio haukuwepo. Ulikuwa unatengenezwa palepale Embu, kwenye mabwawa ya mto Tana, Kindaruma tangu 1968 na Kamburu tangu 1974, lakini nyaya zilipita juu ya vichwa vya watu wa Mbeere kuelekea Nairobi. Kwa hivyo watu walinunua betri ya gari. Gari hawana, betri wanayo.

Sasa, betri ya stata ni mkimbiaji wa mita mia. Ndani yake mna sahani nyembamba nyingi za risasi ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo. Ukiitumia kwa taa na televisheni usiku kucha mpaka ikauke, sahani hizo zinaharibika haraka. Ni kumtuma mkimbiaji wa mita mia abebe gunia mpaka Nairobi. Watu waliitumia hivyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na kila wiki moja au mbili ilibidi ipelekwe sokoni ikachajiwe. Kilo kumi na tano za risasi na asidi. Nani aliibeba, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ama begani? Kijana wa nyumba. Huyo naye alikuwa taniboi, ingawa hakuna aliyemwita hivyo.

Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya sola. Katikati ya miaka ya 1980 Wamarekani wawili waliopitia Peace Corps, Harold Burris na Mark Hankins, walianza kufunga paneli eneo hili na kufundisha mafundi wenyeji. Shule ya sekondari ya Karamugi, huko Meru, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuwa na taa za sola. Watu wengi hawakuhitaji kuelezwa betri ni nini. Walikuwa wameshaibeba miaka mingi. Paneli iliwaondolea tu safari ya sokoni.

Kitufe

Leo gari linaloshushwa Mombasa kutoka Japani, lenye umri usiozidi miaka minane kama sheria inavyotaka, halina hata tundu la ufunguo. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe. Kompyuta inaulizana na rimoti iliyo mfukoni mwako, ikiridhika inaiamuru stata. Kazi iliyovunja mikono imekuwa mguso wa kidole kimoja. Siwezi kulaumu hilo.

Ila limekuja na upweke wake. Gari hilo ni otomatiki. Kati ya injini na magurudumu hakuna klachi ya kukanyaga, kuna mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu inaendeshwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezima, magurudumu hayawezi kuizungusha. Unaweza kuita kijiji kizima cha Runyenjes kisukume mpaka Ena, halitawaka. Betri ikilala, unasimama kando ya barabara ukingoja mtu mwenye waya za jampa, na hao vijana waliokuwa wamekimbia kukusaidia wanarudi kivulini. Hawana la kufanya. Kwa mara ya kwanza tangu gari lije huku, mkono hautakiwi kabisa.

Kwa taniboi, mambo hayajabadilika sana. Lori lake lina betri mbili zilizoungwa kupata volti 24, na stata yenye uzito wa mtoto. Hazungushi. Lakini simama siku moja kwenye mpando wa Thuci wakati lori lililojaa limezimika katikati. Utamwona akiruka kabla halijatulia, jiwe mikononi, akikimbilia gurudumu la nyuma. Analisukumiza chini ya tairi, anarudi hatua moja, anaangalia. Dereva anapiga stata. Injini inashika, lori linatetemeka, linasogea kidogo mbele. Taniboi anainama, analichukua jiwe lake na kulifuata lori kwa miguu, tayari kuliweka tena.